Siku saba nyuma ya Daktari Kirk

Siku ya kwanza: Barry

Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, mjini Dundee. Kila asubuhi kabla ya kumpa mgonjwa kidonge cha dijoksini, dawa ya moyo, humshika kifundo cha mkono, nikatazama saa na kuhesabu mapigo dakika nzima. Si nusu dakika halafu ukazidisha mara mbili. Dakika nzima, kwa sababu moyo mgonjwa haupigi kwa mpangilio. Yakiwa chini ya 60, kidonge kinabaki kwenye trei na daktari anaitwa.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nasoma historia ya dawa za namna hii nikakutana na jina ninalolijua tangu utotoni: Kirk. Sisi tuliokulia Unguja tunamjua kama balozi wa Waingereza aliyembana Sayyid Barghash mpaka akatia saini soko la watumwa lifungwe. Darasani tulikariri mwaka, 1873, tukapita. Sikuwahi kusikia kwamba alikuwa daktari, wala kwamba mapigo ya mshipa wake mwenyewe ndiyo yaliyomwonyesha dawa ya moyo. Wala sikujua kwamba kijiji alichozaliwa kiko jirani yangu, mwendo wa basi usiotimia saa moja. Basi likizo ya mwaka huu nimeipangia njia: nianzie kwao, nimalizie kwetu.

Barry ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe, kati ya mashamba na bahari. Reli inapita na kituo kipo, ila ni treni chache mno zinazosimama, ndiyo maana nimepanda basi. John Kirk alizaliwa hapa tarehe 19 Desemba 1832, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa la kijiji. Nimezunguka kwenye makaburi ya zamani nikisoma majina mpaka mvua ikanifukuza.

Kitu kilichonipa raha zaidi nimekikuta kwenye njia ya kwenda kinu cha nafaka, kinu cha zamani kinachozungushwa na maji ya mfereji. Kando ya njia, kwenye kivuli, umesimama mmea wa Digitalis, urefu wa kifua changu, maua yake ya zambarau yananing'inia upande mmoja kama kengele ndogo. Nimeinama nikachungulia ndani ya ua moja: madoadoa meusi yenye ukingo mweupe, na nyuki ametumbukia mzima mzima. Huu ndio mmea ambao daktari William Withering alitoa kitabu juu yake mwaka 1785, akaeleza unavyosaidia mgonjwa aliyevimba maji na unavyoua ukizidisha. Dijoksini ya wodini kwetu hutoka kwa ndugu yake mwenye majani ya manyoya. Kumbe Kirk alikulia nchi ambayo dawa ya moyo inajiotea kando ya njia. Nyingine akaja kuikuta Afrika.

Siku ya pili: Edinburgh

Treni ya asubuhi, madaraja mawili makubwa juu ya maji, na mji wa mawe meusi unatokea.

Kirk alisoma udaktari hapa na kupata shahada mwaka 1854, kisha akafanya kazi katika hospitali kuu ya mji. Ipo picha ya mwaka huohuo ya madaktari vijana waliokuwa wakiishi hospitalini. Kirk yumo, na Joseph Lister yumo, yule aliyekuja kuufundisha ulimwengu kusafisha kidonda na vyombo vya upasuaji kwa asidi ya kaboliki. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Vijana wa kawaida, koti na tai, nyuso za watu waliokesha zamu. Sura hizo naziona kila siku saa moja asubuhi.

Mmoja katika picha ni David Christison, na baba yake ndiye anayenieleza chuo hiki kilikuwa cha namna gani. Robert Christison alikuwa profesa wa dawa na bingwa wa elimu ya sumu. Mwaka 1855 alitaka kujua maharage ya sumu kutoka Calabar, Afrika Magharibi, yanamfanya nini mtu, na mtu aliyemchagua kumjaribia ni yeye mwenyewe. Alitafuna kipande. Mwili ulipoanza kulegea na moyo kwenda vibaya, alikunywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu, yenye sabuni, ili atapike. Akapona, akaandika yote. Leo ningemfungulia mashtaka ya kinidhamu, lakini naelewa wanafunzi waliopita mikononi mwa walimu kama hao walijifunza nini: hisi iliyo mwilini mwako ni habari, iandike kabla hujaisahau.

Alasiri nimekwenda bustani ya mimea ya Inverleith. Kirk alipenda mimea tangu chuoni, chini ya profesa John Hutton Balfour. Hata alipopelekwa vita vya Crimea mwaka 1855, katika hospitali ya mbao iliyojengwa Renkioi kwenye mlango wa bahari wa Dardanelles, nafasi alizopata alizitumia kukusanya mimea. Nimekaa kwenye benchi nikala andazi nililotoka nalo nyumbani. Jioni nikarudi kufunga mizigo.

Siku ya tatu: angani

Safari ya Unguja ni ndefu na sikulala, kwa hiyo usiku wote nimekuwa Zambezi na Kirk.

Aliajiriwa mwaka 1858 kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone. Walisafiri kwa boti ya mvuke iliyoitwa Ma Robert, jina ambalo Waafrika walimpa Mary, mke wa Livingstone, kwa mwanawe wa kwanza. Boti yenyewe ilikuwa mbovu, inakula kuni kuliko inavyotembea. Homa haikuisha. Kirk aliwatibu wenzake kwa kwinini iliyochanganywa na dawa za kumfanya mtu aharishe, mchanganyiko mkali ambao mwili wangu unasisimka kuusoma. Septemba 1859 walifika ziwa Nyasa. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka, na maandishi na michoro ya miaka miwili ikachukuliwa na maji. Tarehe 27 Aprili 1862 Mary Livingstone alikufa kwa homa pale Shupanga, na Kirk alikuwa miongoni mwa waliomuuguza. Mwaka huo aliandika katika shajara yake kwamba haoni jibu jingine ila kiongozi wao amerukwa na akili. Hata hivyo alibaki mpaka 1863, mwili ulipokuwa umekwisha kwa kuhara damu.

Lakini kisa kilichonileta ni cha mswaki.

Katika bonde la mto Shire Wamang'anja walikuwa na sumu ya mishale waliyoiita kombe. Mnyama akichomwa haendi mbali, na nyama yake inalika, sharti ukate kipande kilichozunguka jeraha. Watu hawakuwa tayari kuonyesha inatoka wapi, na mimi nawaelewa, siri ya riziki haimwagwi mbele ya mgeni. Kirk alivumilia mpaka akaonyeshwa: mmea unaotambaa juu ya miti, matunda yake mawili mawili kama pembe zilizotazamana, na ndani mbegu nyembamba, kila moja na mkia wa nyuzi za hariri unaobebwa na upepo. Mbegu hizo husagwa zikawa uji mzito, ukapakwa mshaleni.

Alizibeba mahali pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki akahisi uchungu mdomoni. Wakati huo alikuwa anaumwa kidogo na mapigo yake yako juu. Alijishika mkono, akahesabu, akakuta yameshuka. Mtu mwingine angesukutua mdomo na kuutupa mswaki. Yeye alijua kwamba sumu inayopunguza mapigo ya mtu aliye hai ina kazi na moyo, na ikipimwa vizuri huenda ikawa dawa.

Mbegu zilifika Edinburgh kwa Thomas Richard Fraser, mwanafunzi wa Christison aliyerithi kiti chake. Fraser akatoa ndani yake kiini kilichoitwa strofanthini, akaeleza kinavyoupa moyo nguvu ya kusukuma huku ukipiga polepole. Mmea ukapewa jina la kitaalamu Strophanthus kombe. Wagonjwa wa moyo wa Ulaya walikuja kuchomwa sindano za strofanthini kwa miaka mingi. Neno la wawindaji wa Shire limo ndani ya jina mpaka leo, na hilo linanifariji, maana majina yao wenyewe sijayakuta popote.

Siku ya nne: Mji Mkongwe

Nimeshuka Kisauni asubuhi, jua la kipupwe, harufu ya bahari na mafuta ya ndege. Nimeoga, nimekula urojo, nimetoka.

Kirk alikuja Unguja mwaka 1866 kama daktari wa ofisi ya ubalozi. Hakuondoka mpaka miaka 20 ipite. Alianza kwa kutibu, akawa naibu balozi, akakaimu, akawa balozi kamili. Jumba la kwanza la ubalozi liko Shangani, linatazama bahari, na ni huko mwili wa Livingstone ulikolazwa mwaka 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, kijiji alikofia, hadi pwani. Chuma alikuwa mmoja wa watoto waliokatwa minyororo katika bonde la Shire mwaka 1861, msafara wa Kirk ukiwepo. Baadaye ubalozi ulihamia Mambo Msiige, ambayo siku hizi ni sehemu ya hoteli.

Nimetembea hadi Mkunazini kwenye kanisa kuu lililojengwa juu ya soko la watumwa. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa huko Chitambo. Muuguzi wa moyo kusimama mbele ya mti ule si jambo jepesi. Nje, kwenye shimo, zimesimama sanamu zenye minyororo shingoni. Nimekaa ukingoni hapo kwa muda, watalii wanakuja na kuondoka.

Sasa niseme ninavyoliona jambo la mwaka 1873. London ilikuwa imemtuma Sir Bartle Frere kujadiliana na Barghash, na Barghash akakataa. Alikuwa na sababu: mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, na kipato cha nchi kimelala chini. Frere akaondoka mikono mitupu. Kisha Kirk akapata maagizo, akampelekea Sultani: atie saini, au kisiwa kizingirwe na manowari, chakula kisiingie wala kitu kisitoke. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini. Biashara ya watumwa kwa bahari ikapigwa marufuku na soko likafungwa. Utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani, haukufutwa Unguja hadi 1897.

Nashukuru soko lilifungwa, nashukuru kwa moyo wote, nikiwa nimekaa ukingoni mwa shimo lile. Na bado naona mizinga nyuma ya kalamu. Barghash na Kirk baadaye walizoeana, Sultani akimsikiliza kuliko karibu Mzungu mwingine yeyote. Ndiyo maana mwaka 1885 uliuma zaidi. Wajerumani walidai Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa mikataba ya Carl Peters, na Agosti manowari zao zikatia nanga mbele ya mji. Barghash alimgeukia rafiki yake. Na Kirk, aliyejua kwamba yanayofanyika ni dhuluma, alikuwa na amri kutoka London ya kumshauri Sultani akubali. Akamshauri. Barghash akakubali. Mwaka uliofuata Kirk aliondoka Unguja.

Nimekwenda kulitazama Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020.

Siku ya tano: Mbweni

Mbweni ndiko Kirk alikokuwa na nyumba ya mapumziko na bustani. Miti aliyoipanda ilitoka kila upande wa dunia, na mbegu na vielelezo vya huku alivipeleka bustani ya mimea ya Kew, kule London. Jirani yake walikuwapo wamisionari na watu waliokombolewa majahazini, na shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ambayo magofu yake bado yamesimama, mizizi imekumbatia kuta. Nimepita chini ya miti mikubwa, upepo wa bahari unavuma juu na chini ni kimya.

Hapa nimkumbushe msomaji sandarusi. Utomvu huu mgumu kama kioo cha njano ulikuwa ukichimbwa ardhini huko Mrima na kuuzwa nje kwa ajili ya vanishi, na wanunuzi hawakuwa na hakika ulitoka mti gani. Kirk alilinganisha majani, maua na wadudu walionaswa ndani ya vipande vya kale na vile vya mti uliokuwa ukiota palepale pwani, msandarusi, akaonyesha kwamba ni mti uleule, umeacha utomvu wake ardhini tangu zamani. Wachimbaji walikuwa na neno lao kwa utomvu mbichi usiokomaa, chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu wakalisikia vibaya, wakaligeuza jina la punda kwa lugha yao, na likaingia hivyo kwenye vitabu vyao vya biashara.

Sikukaa sana. Joto la mchana na usingizi wa safari vimenizidi.

Siku ya sita: Jozani

Gari ya Makunduchi imenishusha kwenye lango la msitu, begi mgongoni. Nimemfuata kijana wa kuongoza wageni, na hatua mia mbili hazijafika juu ya mkungu wamejaa: kima punju.

Kwa kitaalamu jina lake lina Kirk ndani, kwa sababu kielelezo alichokipeleka London ndicho alichokitumia John Edward Gray kumwelezea kima huyu mwaka 1868. Ni wa Unguja. Wachache tu walihamishiwa Pemba. Mgongo mwekundu wa kutu, kifua cheupe, nywele nyeupe zimesimama kichwani kama bibi aliyeamshwa usingizini, na ukingo wa waridi kuzunguka mdomo. Mama mmoja alikaa usawa wa macho yangu, mtoto amening'inia tumboni, anachuma majani machanga moja moja na kuyanusa kabla ya kula.

Nimemuuliza kijana kwa nini punju. Punju ni sumu, amenijibu, wazee walisema mbwa akila nyama yake ananyonyoka manyoya. Halafu akanieleza jambo lililonifanya nisimame: kima hawa hula makaa. Huyafuata kwenye matanuri ya mkaa na visiki vilivyoungua, wanachukua kipande na kukitafuna. Majani ya mkungu na ya mwembe wanayoyapenda yana vitu vinavyodhuru tumbo, na makaa huvinasa. Mgonjwa akiletwa kwetu amekunywa sumu, tukiwahi tunamnywesha unga wa makaa kwa sababu hiyohiyo. Kima wa Jozani hujifunza kwa kumtazama mama yake.

Kirk aliandika jina lake kwenye wanyama na mimea mingi, au tuseme wengine walimwandikia: yupo paa mdogo, ipo mimea ya msituni inayotambaa na kutoa utomvu wa mpira. Mimi katika yote namkumbuka mtu aliyeonja uchungu akahesabu mapigo.

Jioni nimepanda tena gari, hadi Makunduchi kwa bibi.

Siku ya saba: Makunduchi

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Huko hawali?"

Nimeamka alfajiri na jogoo, nimemkuta jikoni amekwishawasha moto. Tumekunywa chai na muhogo wa nazi, na nikamsimulia safari yangu yote: kijiji cha mawe, profesa na maji ya ndevu, Sultani na manowari. Nilipofika kwenye kombe, akanikatiza.

"Kombe hili la zafarani?"

Nikacheka. Kwetu kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Bibi amenywesha watu wengi, na mimi mwenyewe nimenyweshwa nikiwa na degedege. Nikamwambia siyo hilo, bibi, ni neno la Wamang'anja, kombe la mshale, na nikamweleza habari ya mswaki. Amesikiliza mikono imetulia juu ya mapaja.

"Na huyo mwindaji aliyemwonyesha, alilipwa nini?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza, kisha akachukua mfuko wa nailoni wa dawa zake kutoka juu ya kabati. Ana moyo mkubwa, na miguu yake ilikuwa inavimba. Dijoksini alianzishiwa hospitali mwaka jana. Akatoa kidonge, akakiweka kiganjani, akashika kikombe cha maji.

"Ngoja kidogo, bibi. Nipe mkono."

Ngozi yake ni laini na nyepesi kama karatasi ya vitabu vya zamani. Nikapata mshipa chini ya kidole gumba. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na ikanibidi niizibie sauti ile masikio ili niisikie hii nyingine. Nikatazama mkono wa saa ukizunguka mzunguko mzima.

Hamsini na nne.

Nikarudia dakika nyingine. Hamsini na tatu.

"Tangu lini huna hamu ya kula?"

"Wiki hii. Nimedhani ni joto la mchana. Na macho, kila kitu nakiona kama kina manjano."

Nikakichukua kidonge kiganjani mwake, nikakirudisha kwenye mfuko. Nikaandika nyuma ya tiketi ya ndege saa, tarehe na hesabu zote mbili.

"Hunipi?"

"Leo hapana, bibi. Twende hospitali kwanza, wakakipime damuni."

Akanitazama, kisha akasema nimletee kanga zile mpya, zilizoko juu ya sanduku, asiende na hizi za jikoni.